Andiko la kuomba ruzuku ya kulinda kijito na ardhi oevu: tuandike nini, tuanzie kwa nani?

Mlinzi_wa_Chemchemi:

Wakuu salaam. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa maandiko ya ruzuku za mazingira. Sisi ni kikundi cha watu tunaoishi kando ya kijito, kinaanzia kwenye chemchemi na kuishia kwenye ardhi oevu. Kikundi kimesajiliwa, katiba tunayo, akaunti ya benki ipo, vikao vinakaa. Shida ni maji yenyewe. Mvua ikinyesha tu yanageuka tope, mifugo inashuka kunywa popote inapojisikia, watu wanalima mpaka ukingoni kabisa na kule chini kwenye ardhi oevu mwani umetanda, samaki nao wamepungua sana ukilinganisha na zamani.

Nimeanza rasimu, sentensi ya lengo inasema hivi: "Mradi unalenga kutunza mazingira kwa kupanda miche 10,000 na kutoa elimu kwa jamii kuhusu umuhimu wa vyanzo vya maji."

Naomba kujua, kwanza hii inatosha kumshawishi mfadhili? Pili tuanzie kwa mfadhili gani, maana nikitafuta mtandaoni naona mifuko mikubwa mikubwa tu. Tatu wanasema mwombaji achangie sehemu ya gharama na sisi hela hatuna, hapo mnafanyaje?

BiMkubwa_wa_Mito:

Karibu mkuu, na hongereni kwa kujisajili mapema, wengi wanakwama hapo hapo. Nimewahi kukaa kwenye meza ya kusoma maandiko kwa hiyo nakwambia msomaji anavyoiona hiyo sentensi. Miche 10,000 ni kazi mtakayofanya, sawa, ila yeye anataka kujua kwenye maji kutabadilika nini. Mnaweza mkapanda yote 10,000 na kijito kikabaki na tope lile lile, kwa sababu hujasema popote tope linatoka wapi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lingine fuateni kijito chote kwa miguu siku mvua imetoka kunyesha. Angalieni maji yanaanzia wapi kuchafuka. Je ni shamba lililolimwa kufuata mteremko, ni njia ya mifugo inayobomoa ukingo, au ni barabara inayomwaga mtaro wake mtoni? Mara nyingi mtakuta sehemu chache tu ndizo zinaleta tope jingi, na mradi mdogo ukizishika hizo matokeo yanaonekana. Miche ikienda juu kilimani wakati ukingo uko mtupu, tope litaendelea kuingia kama kawaida.

Mwani nao una sababu yake, ielezeni kwa kifupi kwenye andiko. Mbolea na samadi zinaingiza naitrojeni na fosforasi kwenye maji, mwani unashiba unatanda, ukifa bakteria wanauozesha na kwenye kuuozesha wanatumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wengi wanaanza kupata shida, ikifika chini ya 2 wanakimbia au wanakufa. Aya moja ya namna hii inamwonyesha msomaji kwamba ugonjwa mnaujua.

Mimi ningeandika hivi: "Ndani ya miaka miwili mradi utapunguza tope na samadi inayoingia kwenye kijito katika kipande kilichoharibika zaidi, kwa kurudisha uoto wa asili ukingoni, kuwanywesha mifugo kwenye mabirika nje ya kijito, na kuweka makinga maji kwenye mashamba ya jirani. Mabadiliko yatapimwa kwa uwazi wa maji, wadudu wa majini na hali ya ukingo, juu na chini ya kipande hicho." Kiasi gani kitapungua mtajaza mkishapima, msikibuni.

Halafu tafadhali tajeni aina za miti. Nikiona mikaratusi inapandwa karibu na chemchemi nakosa imani na andiko zima, maana ile miti inakunywa maji sana na kijito kinaweza kupungua. Ukingoni wekeni miti, vichaka na nyasi za asili za pale pale.

Fundi_Vipimo:

Naunga mkono bi mkubwa, na niongezee kwenye kupima maana hapo ndipo vikundi vinaogopa bure, wanadhani lazima maabara. Takwimu za awali mnaweza kuzianza sasa hivi kabla hata mfadhili hajapatikana, na mkipeleka andiko lenye vipimo vya misimu yote miwili, wa mvua na wa kiangazi, mnakuwa mbele ya waombaji wengi sana.

Uwazi wa maji kwenye kijito chenye kina kifupi unapimwa na bomba la plastiki angavu lenye alama nyeusi na nyeupe chini, unajaza maji halafu unayapunguza taratibu mpaka alama ionekane, unaandika sentimita. Kwenye maji yaliyotulia yenye kina, kama ardhi oevu yenu ina dimbwi kubwa, mnatumia kisahani cha Secchi kinachoshushwa kwa kamba mpaka kisionekane, kimetumika tangu 1865 na mpaka leo watafiti wanakitumia.

Kingine ninachokipenda sana ni wadudu wa majini. Geuza mawe kwenye sehemu yenye maji yanayokimbia, weka kwenye beseni jeupe, subiri kidogo. Ukiona vidudu vyenye mikia miwili au mitatu myembamba nyuma, au vile vinavyojijengea kijumba cha mchanga na vijiti, hao wengi wao hawavumilii maji machafu kwa hiyo ni habari njema. Ukikuta minyoo myekundu na ruba tu, jua hali ni mbaya. Kuna mbinu inaitwa miniSASS, ilitengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya raia wa kawaida, inawapa alama kutokana na makundi ya wadudu mliowapata, na wanafunzi wa shule wanaiweza.

Chagueni vituo vitatu, kimoja juu ya uharibifu, kimoja hapo hapo, kimoja chini yake. Pimeni sehemu zile zile kila mara na muandike kama mvua ilinyesha, la sivyo mwakani mtalinganisha siku ya mafuriko na siku ya jua mseme mradi umefanikiwa. Picha pia zipigwe pale pale, upande ule ule. Mkipata kijito jirani kinachofanana ambacho hamtakigusa, kipimeni nacho, kitawasaidia kuonyesha kwamba mabadiliko yametokana na kazi yenu na siyo mwaka wenye mvua kidogo.

Tahadhari moja tu, msiahidi kwamba maji yatakuwa salama kunywa. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na E. koli (bakteria wanaotoka kwenye kinyesi) hata mmoja kwenye mililita 100, na kurudisha uoto peke yake hakukufikishi hapo. Ahidini kijito chenye afya.

Msaka_Ruzuku:

Swali la pili nalijibu mimi. Kwa kikundi kama chenu anzeni na Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), inaendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Hiyo ni kwa vikundi vya jamii na asasi za kiraia, mtu binafsi hapati. Kwa muda mrefu kiwango cha juu cha ruzuku ya kawaida kilikuwa dola 50,000, kinabadilika na awamu kwa hiyo someni tangazo la sasa. Uzuri wake kila nchi shiriki ina mratibu na kamati ya taifa inayochagua miradi, ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini. Mwandikieni mratibu au mpigieni kabla ya kuandika andiko zima, mwambieni wazo kwa ukurasa mmoja. Pia wanaruhusu lugha za wenyeji na hata wazo kuletwa kwa video, kwa hiyo Kiingereza kisiwatishe.

CEPF, mfuko wa kimataifa wa uhifadhi, ilianza 2000, ila inatoa pesa kwenye maeneo maalum tu ya bayoanuwai (wingi wa aina za viumbe) iliyo hatarini na ikiwa mzunguko wa eneo lenu uko wazi, mnaanza na barua ya nia fupi. Rufford, taasisi ya ruzuku ya Uingereza, ni kwa mtu binafsi anayeanza kazi ya uhifadhi, kwa hiyo kama mna kijana mwenye taaluma hiyo anaweza kuomba utafiti wa vitendo unaowasaidia. Mfuko wa Tabianchi wa Kijani mkiuona msipoteze nguvu kuuomba moja kwa moja, pesa zake zinapitia taasisi zilizoidhinishwa, labda mjiunge chini ya mojawapo. Na angalieni kama ardhi oevu yenu iko kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, kama ipo litajeni ukurasa wa kwanza.

Mchango wenu siyo lazima uwe pesa taslimu, wafadhili wengi wanakubali nguvu kazi, miche ya kitalu chenu, ukumbi wa vikao, zana. Mnapiga hesabu kwa kiwango cha kibarua kinacholipwa kweli eneo lenu, na kila siku ya kazi karatasi ya mahudhurio isainiwe. Msiongeze chumvi, mkaguzi akija anaulizia hizo karatasi.

Kwenye bajeti wekeni matunzo. Naona maandiko yana pesa nyingi ya kupanda na sifuri ya kumwagilia, kupalilia na kurudishia miche iliyokufa.

Mkulima_Ukingoni:

Mimi nalima kando ya mto na nasema kwa niaba ya wenzangu. Mnaongea ukingo ukingo, huo ukingo una watu na ndiko kwenye rutuba. Mkija na uzio bila kukaa na sisi utakatwa usiku na miche italiwa, na hapo hamtakuwa na mradi. Jiji la New York mwaka 1997 lilikubaliana na watu wa milima ya Catskill yanakotoka maji yake, likalipia utunzaji wa mashamba na ardhi ya huko juu ili lisijenge mtambo ghali wa kuchuja maji. Walioko juu walipata kitu. Sasa nyie mkulima anayeachia mita kadhaa za shamba lake atapata nini? Hilo nataka nilione kwenye andiko.

Mlinzi_wa_Chemchemi:

Aisee nawashukuru sana wakuu, nimepata mwanga. Mkulima umegusa penyewe, wenye mashamba ya ukingoni wengine siyo wanakikundi na hatujawahi kuwaita. Tutaanza nao kabla ya rasimu. Swali moja tu limebaki, mfadhili anaruhusu tuweke fidia yao kwenye bajeti?

Msaka_Ruzuku:

Fidia ya pesa mkononi wengi wanaikataa au wanaihoji sana. Kinachopita kirahisi ni vitu vinavyoziba pengo la ile ardhi, kwa mfano majani ya malisho ya kupanda ukingoni wakate wapelekee mifugo, mizinga ya nyuki, miche ya matunda ya kuweka nyuma ya uoto wa asili, na birika la maji karibu na boma lao. Andikeni kila mwenye shamba anaachia upana gani na anapata nini, asaini, mwenyekiti asaini, ambatanisheni na ramani ya kuchora kwa mkono. Na wanaochota maji kila siku waitwe kwenye kikao hicho hicho, maana sehemu ya kuchotea mkiizungushia uzio bila kuwauliza mtaanza ugomvi mwingine. Kibali cha mamlaka ya maji au ya bonde ulizieni mapema pia, kinachukua muda kuliko andiko lenyewe.

Fundi_Vipimo:

Na mkifika kwenye hicho kikao bebeni beseni na wale wadudu, geuzeni mawe mbele ya watu wote, juu na chini ya mashamba. Majina ya watakaojitolea kupima kila mwezi yachukuliwe hapo hapo.