Matajiri wa Nyanda za Juu Kusini: kuchangia afya ni hiari yao au ni deni?

Wakuu, naleta hoja nikijua itawachoma baadhi yetu. Janga la afya likitokea, tajiri Mwafrika anawajibika kutoa, au tumwachie aamue kama anavyoamua sadaka ya Jumapili?

Swali hili lilipamba moto 2014, Ebola ilipokuwa inamaliza watu Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mpaka inadhibitiwa ilishaua zaidi ya watu 11,000. Mark Zuckerberg, akiwa kwao Marekani, alitoa dola milioni 25, na watu wakaanza kuuliza wa kwetu wako wapi. Tuwatendee haki, walikuwepo. Patrice Motsepe wa Afrika Kusini aliipa Guinea dola milioni 1, Dangote naye alichangia, na Novemba mwaka huo mabosi wa makampuni makubwa walikutana na Umoja wa Afrika kule Addis Ababa wakaahidi dola milioni 28.5. Ila ukumbi mzima wa mabosi wa bara hili kumzidi kidogo tu kijana mmoja wa Marekani, hapo mimi nashindwa kupongeza.

Tuje nyumbani. Huku kwetu janga halihitaji kutangazwa kwenye redio, tunaishi nalo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Mikoa mitatu, yote yetu. Na tangu PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, ianzishwe 2003, sehemu kubwa ya gharama imebebwa na Wamarekani. Januari 2025 Rais Trump akasaini karatasi, misaada ikasimamishwa kwa siku 90, na kila mwenye ndugu anayetumia dawa akashika tama.

Wengi walihofia vidonge. Mimi niliwawazia watu wanaovifanya vidonge vimfikie mgonjwa na aendelee kuvimeza. Mtu asipotokea CTC, yaani kliniki ya dawa za VVU, tarehe yake, kuna mhudumu anayechukua jina lake, anapanda bodaboda mpaka Matamba au Kipengere, anauliza nyumba kwa ujanja ili majirani wasijue kilichomleta, anakaa na mgonjwa, anambembeleza arudi. Wengi wa wahudumu hawa ni WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU, nao wenyewe wanatumia dawa. Hawana ajira ya serikali, wanategemea posho ya mradi. Posho ikikatika, hakuna wa kwenda. Aliyeacha dawa anakaa hukohuko mpaka aletwe amebebwa, na kifua kikuu juu yake. Hiyo nauli, jamani, haifiki hata kadi ya dabo ya send-off tunazochangishana kila wikendi!

Sasa tazama utajiri wetu unatoka wapi. Mbao za Mafinga, chai ya Mufindi, mpunga wa Mbarali na Kyela, parachichi za Njombe na Rungwe, malori yanayopanga foleni Tunduma. Kote huko kuna mpasua mbao, mchuma chai, kuli, dereva na utingo wake. Miaka yote hii dawa zilizowainua wengi wao kitandani wakarudi kazini zililipiwa na mtu mwingine, wala bosi hakuona gharama hiyo kwenye hesabu zake. Ndiyo maana naita deni. Aliyetajirika kwa nguvu za watu hawa hawezi kusema afya yao haimhusu.

Nimeshasikia majibu. La kwanza ni kwamba hiyo ni kazi ya serikali na kodi tunalipa. Sawa, na serikali ibanwe: viongozi wa Afrika waliahidi Abuja 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijafika hapo. Lakini bajeti inasubiri Bunge la Juni, na aliyemaliza dozi hawezi kusubiri Juni.

La pili lina uzito zaidi: matajiri wa kwetu ni wa mkopo, lori ni la benki na shamba liko rehani. Nakubali kuna ukweli. Ila sidai mabilioni. Anayejaza dizeli lori kumi kwenda Dar hashindwi kujaza matangi ya pikipiki za wahudumu wa wilaya moja. Mgodi wa Geita umekuwa ukipandisha watu Mlima Kilimanjaro tangu 2002 kuchangisha fedha za Ukimwi. Geita! Sisi tunaoongoza kwa maambukizi harambee yetu ya namna hiyo iko wapi?

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Akitoa leo, kesho anachukua fomu ya ubunge na picha za msaada zinakuwa mabango. Tumeyaona. Kwa hiyo napendekeza pesa isipite mikononi mwake kwenda kwa wananchi. Iingie Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI, ambao upo kisheria, au akaunti ya hospitali ya wilaya, na matumizi yabandikwe ubaoni kila robo mwaka. Anayetaka kukabidhi mwenyewe mbele ya kamera, pesa yake tuikatae.

Wanaopinga karibuni, lakini mje na jibu la hili: misaada ya nje ikikatwa moja kwa moja, yule mhudumu wa Matamba atalipwa na nani mwezi ujao?