Mrejesho: asili ya jina Shurahbil

Wakuu, niliuliza asili na maana ya jina Shurahbil, tulilotaka kumpa mtoto. Asanteni sana. Ushauri wa kusaka mzizi kwenye kamusi ya Kiarabu uligonga mwamba: inakupeleka kwenye "sharaha", kufafanua, na hiyo haielezi mwisho wa jina. Aliyesema nitazame Yemen ya kale ndiye aliyepatia. Mfalme wa Himyar (ufalme wa Yemen ya kale), Sharahbi'il Ya'fur, yumo kwenye maandishi ya mawe ya ukarabati wa bwawa la Marib, karne ya 5, kabla ya Uislamu. Hiyo "il" ni Mungu, kama kwenye Ismail. Halafu yupo sahaba Shurahbil bin Hasana, kamanda wa jeshi la Waislamu huko Sham (eneo la Syria na jirani zake), aliyefariki kwa tauni ya Amwas mwaka 639. Tumelipitisha, ingawa bibi wa mtoto anasema "Shurabili" na habadiliki.