Mrejesho: biashara ya intaneti nikiwa Lamu
Assalam aleikum ndugu zangu. Mwaka jana niliwauliza ni biashara gani ya intaneti mtu wa Lamu anaweza kuanza akiwa na simu tu. Mlinishauri niuze kilicho mikononi mwetu, nikachagua kofia za vito, zile kofia za kiume zinazodariziwa kwa mkono, anazoshona mamangu na shangazi. Picha naweka WhatsApp, malipo M-Pesa, mzigo unavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha unapanda basi la Mombasa.

Mwanzo sikuuliza kipimo cha kichwa, kofia mbili zikarudi. Iliniuma, maana kofia moja ni kazi ya wiki kadhaa! Sasa napokea kipimo na nusu ya malipo kabla sindano haijashikwa. Aliyenitajia kofia, mamangu anakuombea dua.