Mwanangu anataka mpira wa meza uwe kazi yake: nimjibu nini?

Mama wa Uyole, Mbeya

Habari za jioni, ndugu zangu. Mwanangu yuko kidato cha tatu, na tangu alipochaguliwa kwenye timu ya shule kwa ajili ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hana wimbo mwingine ila mpira wa meza. Amelaza mbao mbili juu ya mapipa nyuma ya nyumba, na kila jioni anacheza na binamu yake hadi giza linapowafanya wasiuone mpira. Juzi ameniambia kwamba anataka kuishi kwa mchezo huu. Baba yake hataki hata kulisikia jambo hilo. Mimi sipendi kumvunja moyo mtoto, wala sipendi kumdanganya. Je, wapo watu wanaolipwa mshahara kwa kucheza mpira wa meza, na fedha hizo hutoka wapi?

Mwalimu wa michezo, Iringa

Dada yangu, wapo, ingawa wengi wao hawaishi kwa zawadi za mashindano, kwa sababu fedha nono huwafikia wale wachache wanaovuka hadi hatua za mwisho. Riziki yao hasa ni mikataba ya klabu za nje, kama zile za Ujerumani na Ufaransa, ambako mchezo huu una ligi za kulipwa. Mtazame Quadri Aruna wa Nigeria, aliyecheza katika klabu ya Sporting ya Ureno na baadaye Fulda ya Ujerumani. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alimtoa Timo Boll, Mjerumani aliyekuwa tishio duniani kwa miaka mingi, akafika robo fainali, na aliyemzuia hapo ni Ma Long wa China, ambaye ndiye aliyetwaa dhahabu. Kwa hiyo mwambie baba yake kwamba njia ipo, ila inapita mbali na nyumbani, na mtoto anayekwenda huko akiwa na cheti cha kidato cha nne na lugha ya kigeni anajitetea vizuri zaidi mbele ya mkataba.

Kuhusu zile mbao, naomba uzichunguze. Meza halali ina urefu wa sentimita 274, upana wa 152.5 na kimo cha 76. Chukua rula, uuachie mpira kutoka sentimita 30 juu ya ubao: unatakiwa kudunda hadi kama sentimita 23, na iwe hivyo kila mahali. Ukidunda vizuri katikati na kufa pembeni, mkono wa kijana unazoea meza ambayo hataikuta popote.

Mchezaji wa zamani, Tukuyu

Shikamoo mwalimu. Dada, niongeze jambo ambalo mimi nilijifunza kwa aibu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda kasi na haupindi sana hata ukiupa mzunguko mkali. Niliposhuka Dar es Salaam kwa mashindano, mapigo yaleyale niliyoyaamini nyumbani yaliishia wavuni, na siku mbili za kwanza zikapotea kwa kuuzoea mpira upya. Akipata safari, afike mapema.

Asiyekuwa na mpinzani mzuri anaweza kufanya mazoezi ya kuanzisha mpira peke yake. Aijaze ndoo mipira, aurushe kila mmoja kutoka kiganja kilicho wazi, juu angalau sentimita 16 kama sheria inavyotaka, na aulenge kwenye kipande cha karatasi upande wa pili. Raba za raketi azifute vumbi kwa sponji yenye unyevu kila anapomaliza, maana vumbi letu la kiangazi huzifanya ziteleze.

Mama wa Uyole, Mbeya

Ahsanteni sana. Nimepima leo asubuhi: katikati 21, pembeni 14. Baba yake alikuwa ameshika rula. Je, nimwagize fundi mbao ya unene gani?

Mwalimu wa michezo, Iringa

Plaiwudi ya milimita 18 isipungue. Ukiweza 25, ni bora zaidi. Mbao zote mbili ziwe za aina moja.