Sahihi ya Woolf, barua ya Eliot au toleo la kwanza tupu: kipi cha kuanzia?

Mpekuzi
Wakuu, salaam. Niko Uingereza, nina akiba kidogo na nataka kuanza kukusanya waandishi wa usasa: Woolf, Eliot, Joyce. Niko njia panda: nakala zilizotiwa sahihi tangu zinatoka, toleo la kwanza lisilo na sahihi, au barua? Hela inatosha kimoja tu.

KaratasiKuukuu
Sahihi, mkuu. Ulysses ya Paris ya 1922 sahau: zilitoka nakala 1,000, Joyce akatia sahihi 100 tu. Hizo waachie matajiri na maktaba. Mtazame Woolf. Riwaya yake Orlando, ile ya mchapishaji Crosby Gaige, New York, 1928, ni nakala 861 zenye namba, zote zina sahihi yake kwa wino wa zambarau. Na ilitangulia ile ya London kwa siku chache, kwa hiyo unapata sahihi na toleo la kwanza kwa mkupuo mmoja. A Room of One's Own ya 1929 nayo ina 492 za namna hiyo. Sahihi inajulikana inakaa ukurasa gani, namba ipo, wasiwasi unapungua.

BintiPwani
Hapo tunapishana, kaka. Nakala 861, mama wa watu anasaini kama karani wa benki! Mimi naenda na barua. Eliot alikuwa kampuni ya vitabu ya Faber tangu 1925 hadi anafariki 1965, kazi yake kujibu washairi, ndiyo maana barua zake za ofisini zilizopigwa taipu bado zinaonekana sokoni, na ni nafuu kuliko za mkono. Niliwahi kushika moja mnadani: mistari michache, anamkatalia mtu kwa upole kabisa, halafu neno moja amelikata na kuandika jingine juu yake kwa wino ule ule wa sahihi. Kitabu chenye namba hakikupi hicho.

Mzee wa Minada
Binti, taratibu. Barua za ofisini wakati mwingine husainiwa na katibu muhtasi kwa niaba ya bosi. Linganisha na sahihi za miaka ile ile, kisha uliza imepita mikono ya nani. Muuzaji akianza kujikanyaga, funga pochi. Na ujue unanunua karatasi tu. Haki ya kuyachapisha maneno ni ya warithi wa mwandishi.

KaratasiKuukuu
Kuhusu toleo tupu: bila karatasi yake ya juu ya jalada, bei inaporomoka. Zile za Hogarth Press, kampuni ya vitabu ya Woolf na mumewe, alizochora Vanessa Bell, dada yake Woolf, karatasi huweza kuwa na thamani kuliko kitabu. Ndiyo maana wajanja huvua ya chapa ya baadaye wakaivalisha ya kwanza. Kwa anayeanza, hapana.

Mpekuzi
Nimewasoma. BintiPwani kanivuta. Kuna barua ya Eliot nimeiona kwenye katalogi, taipu, ila sahihi imefifia upande mmoja. Muuzaji anasema ilikuwa kwenye fremu ukutani. Niombe punguzo au niachane nayo?

Mzee wa Minada
Mwanga umeila hiyo. Omba punguzo, tena la maana. Ila kwanza mwambie aitoe kwenye fremu akupigie picha nyuma. Wengine huibandika kwenye kadibodi kwa gundi, na kuibandua bila kuichana ni kazi ya fundi wa karatasi, ambaye naye anataka chake.

BintiPwani
Na usome inasema nini, jamani! Kama ni ya kuahirisha chakula cha mchana tu, subiri nyingine.