Unalala masaa mangapi ndipo uamke mwepesi? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Jambo hili linanisumbua kweli. Siku za kazi nalala masaa sita hivi, naamka mwepesi. Wikiendi nikijilaza tisa au kumi, naamka mzito, kichwa kinauma, siku yote imeharibika. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima alale masaa 7 au zaidi. Je, nyie miili yenu inasemaje?

Muuguzi
Mkuu, kujisikia mwepesi si ushahidi kwamba umelala vya kutosha. Kuna utafiti wa mwaka 2003: watu walilalishwa masaa sita kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ukashuka hadi kufanana na wa mtu aliyekesha usiku kucha, lakini wakiulizwa, wanasema wana usingizi kidogo tu. Hapo ndipo ninapoogopa. Mtu huzoea uchovu mpaka akasahau uzima wenyewe ukoje. Mimi nahitaji saba na nusu, tena mfululizo wa siku kadhaa. Usiku mmoja haulipi deni.

Baba wa wawili
Nane. Zikipungua nawakaripia watoto bila sababu, na inaniuma sana. Saa tatu usiku taa zimezimwa.

Mama mwenye kichanga
Kwangu masaa si hoja, hoja ni kukatika. Nikijumlisha vipande vyote nafikisha nane, lakini naamka hoi. Mzunguko mmoja wa usingizi ni kama dakika 90, na mwanangu hanipi nafasi ya kuumaliza. Siku baba yake akishika zamu ya kwanza, napata manne yasiyoguswa, na hayo yananipa nguvu kuliko yale nane ya mang'amung'amu.

Mchangiaji mwingine
Someni hili tafadhali. Nilikuwa nalala masaa tisa kama pono, na bado nasinzia kwenye vikao, hata kwenye usukani. Ndugu wakaniita mvivu. Mke wangu ndiye aliyegundua: nakoroma, kisha kimya kabisa, kisha nashtuka nikitafuta hewa. Nikapimwa usiku kucha. Kumbe njia ya hewa kooni ilikuwa inaziba nikilala, pumzi inakatika, ubongo unanizindua kidogo ili nipumue, halafu asubuhi sikumbuki chochote. Sasa navaa barakoa ya mashine inayosukuma hewa, na masaa saba yananitosha. Anayelala sana na bado anachoka apelekwe akapimwe, asisemwe.

Muuguzi
Asante kwa hilo, naliona wodini mara nyingi. Mleta mada, ule uzito wa wikiendi unaweza kutokana na saa ya mwili kusogea unapoamka kwa kuchelewa. Pia ukizinduka katikati ya usingizi mzito, ukungu wa kichwani unaweza kukaa nusu saa au zaidi. Jaribu kuamka saa ile ile kila siku, ila uende kitandani mapema zaidi.

Mleta mada
Nimeelewa, dada. Naanza leo kulala saa nne. Na swali la kukoroma nitamuuliza mwenzangu, maana sijawahi kumuuliza.

Mlinzi
Na sisi wa zamu ya usiku? Mchana nalala masaa matano tu, hata chumba kikiwa na giza. Mnaoishi hivi mnafanyaje?