Kwenda kutazama mashindano ya kanda ya DCI kule San Antonio: nikae wapi, nitazame nini?

TarumbetaJinja

Habari zenu ndugu. Mwezi wa saba nitakuwa Texas kwa dada yangu, na shemeji amesema atanipeleka Alamodome kwenye mashindano ya kanda ya Drum Corps International (DCI), yale ya vikosi vya shaba na ngoma vinavyopiga huku vikitembea na kuchora maumbo uwanjani. Nafundisha bendi ya shule hapa Jinja: tarumbeta nane, baritoni tatu, tuba mbili na ngoma. Hawa wa DCI nimewaona kwenye simu tu.

Shemeji anataka kununua viti vya mbele kabisa, karibu na uwanja, anasema ndiyo heshima ya mgeni. Ni sawa? Pia ratiba inaonyesha vikosi zaidi ya ishirini, toka mchana mpaka usiku. Niingie mwanzo au nisubiri wakubwa? La tatu, nitazame nini hasa ili nirudi na kitu cha kuwapa watoto, maana onyesho moja lina watu zaidi ya mia moja na macho ninayo mawili.

SajiniTuba

Mwambie shemeji, kwa heshima zote, asinunue safu ya mbele. Ukikaa chini, mbele yako kuna marimba, vibrafoni, timpani na spika, kisha ukuta wa watu. Mchoro wanaouchora uwanjani huuoni kabisa. Duara linaonekana kama foleni ya benki. Na kwa kuwa ala za mbele zina vipaza sauti, utasikia marimba kuliko shaba yote, yaani tarumbeta, baritoni na tuba.

Kiti kizuri ni cha juu na cha katikati. Uwanja wa futibo ya Kimarekani una namba: katikati ni mstari wa 50, halafu namba zinashuka pande zote mbili. Tafuta kiti kati ya mstari wa 35 wa kushoto na wa 35 wa kulia, sehemu ya juu ya jukwaa la chini au safu za kwanza za jukwaa la juu. Ikibidi uchague kimoja, chukua katikati uache ukaribu. Hakikisha kwenye ramani ya viti kwamba uko upande ambao bendi inautazama. Pembe za tarumbeta na tuba zao zote zinaelekea mbele, hata tuba inalazwa begani mdomo ukitazama watu, kwa hiyo aliyekaa upande wa nyuma anasikia nusu ya muziki na kuona migongo.

Tiketi siku hizi iko kwenye simu. Laini ya Uganda inaweza kugoma intaneti pale pale mlangoni, kwa hiyo iweke kwenye pochi ya simu mkiwa bado nyumbani kwenye waifai, au shemeji azishike zote mbili. Soma saa kwa makini pia: 5:00 PM ni saa kumi na moja jioni. Kuna mtu atacheka hapa, lakini ukishazoea saa zetu, kichwa kinasoma tano kabla hujakiambia kitu.

Begi: viwanja vikubwa vya Marekani vingi vinaruhusu mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo tu, usiozidi sentimita 30 kwa 15 kwa 30. Begi la mgongoni litarudishwa kwenye gari. Chakula cha nyumbani nacho mara nyingi hakiingii, kwa hiyo hata mkipika rolex (chapati ya mayai) kule, mle kabla. Beba sweta. Nje San Antonio mwezi wa saba ni joto la digrii 35 na zaidi, ila ndani ya Alamodome kuna paa na kiyoyozi, na saa sita za kukaa bila kusogea zinapoza mtu. Uliza mlangoni kama ukitoka unaruhusiwa kurudi. Sehemu nyingi, ukitoka umetoka.

MatoaziMbale

Naongezea la ratiba. Kila kikosi kikubwa kinapewa kama dakika 17 za kuingia, kupiga na kutoka. Muziki wenyewe ni dakika 10 hadi 12. Kwa hiyo vikosi vinne ni zaidi ya saa moja, na ishirini ni siku nzima. Kwa kawaida wenye alama za juu zaidi msimu huo wanawekwa mwisho.

Usiingie mwanzo ukakaa mpaka mwisho. Masikio yanachoka baada ya vikosi kama kumi, na ukifika kwa wakubwa husikii tofauti tena. Ila usikose wadogo wote. Tazama vitatu au vinne vya mwanzo, kwa sababu kwao ndiko makosa yanaonekana wazi: mstari unaopinda kwenye kona, shaba inayopanda sauti hadi inachafuka, bunduki ya mbao ya waonyesha bendera (wale wasiopiga ala, wanaorusha bendera na bunduki hizo) inayoanguka chini. Ukishaona kosa linavyofanana, ndipo utajua wakubwa wanaepuka nini.

Kama hawaruhusu kurudi ndani, panga hivi: mchana maegesho, jioni kiti.

TarumbetaJinja

Maegesho? Nimekwenda kuegesha gari au kutazama bendi?

MatoaziMbale

Kutazama, ndugu yangu, na bila tiketi. Saa moja na nusu hivi kabla ya kuingia, kila kikosi kinapasha moto ala na mikono kwenye maegesho na viwanja vya jirani. Wanagawanyika: shaba hapa kwenye upinde, ngoma kule, waonyesha bendera kwingine. Mwalimu wa bendi anajifunza pale kuliko ndani. Unaona mikono kwa umbali wa mita tatu: urefu wa fimbo inavyoinuka, kwamba wapiga snea (ngoma ndogo zenye sauti kali) wote tisa au kumi wanainua kimo kimoja, kwamba mguu unapiga alama wakati mikono inafanya kitu kingine. Besi dramu tano, kila moja na sauti yake, zinagawana msemo mmoja noti kwa noti, kama akina mama wanavyopokezana mchi kwenye kinu kimoja. Akichelewa mmoja, shimo linasikika.

Adabu ya pale: usipite ndani ya upinde wa shaba hata kama njia iko wazi. Usisimame kati ya ngoma na spika inayowapigia mdundo wa kufuata. Wakianza kutembea kuelekea lango, wapishe, hawasimami. Na usimwongeleshe mpigaji, muulize fundi au mwalimu aliyesimama pembeni.

Vaa vizibo vya masikio. Ngozi za snea zao ni za nyuzi ngumu zilizokazwa mno, na ukisimama karibu unapigwa na zaidi ya desibeli 100. Vile vya sponji vya dukani vinatosha. Maji lita moja na kofia.

BintiBombo

Shikamoo Sajini. Jamani, mmemjibu akae wapi, hamjamjibu atazame nini. Nitajaribu.

Chukua jambo moja kwa kila kikosi. Kwa hiki tazama miguu tu. Kwa kile tazama nafasi kati ya mtu na mtu. Kwa kingine fumba macho. Ukijaribu kuona vyote, unarudi na kumbukumbu ya mavazi.

Jambo ninalotaka mwalimu wa bendi alisikilize ni umbali. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Upana wa uwanja ule ni karibu mita 49. Weka ngoma nyuma, mita 45 kutoka kwenye marimba zilizo mbele: sauti ya snea inafika mbele ikiwa imechelewa sekunde 0.13. Inaonekana kidogo, lakini kwa mwendo wa midundo 180 kwa dakika, mdundo mmoja una sekunde 0.33. Umechelewa zaidi ya theluthi ya mdundo! Ndiyo maana kuna kanuni ambayo mwanzoni inashangaza: aliye mbele anasikiliza nyuma, aliye nyuma anatazama mikono ya kiongozi. Wapiga marimba hawamtazami kiongozi sana. Wanapiga juu ya sauti inayowafikia kutoka nyuma yao, ili vyote vifike kwako jukwaani kwa pamoja. Wa pembeni kulia akianza kumsikiliza wa pembeni kushoto, mita 80 mbali, bendi inachanika katikati. Utaisikia. Inakuwa kama watu wawili wanapiga wimbo mmoja kwenye vyumba viwili.

Ndani ya Alamodome kuna jambo la ziada: paa na ukuta wa nyuma vinarudisha sauti. Pigo kubwa la shaba likikatwa ghafla, utasikia mkia wake. Besi zinakuwa na tope. Usiwalaumu wapigaji kwa hilo. Sikiliza mwanzo wa noti, sio mwisho wake.

Na usitafute klarineti wala saksafoni, desturi yao ni shaba na ngoma. Ukiona watu wanashangilia katikati ya wimbo, shangilia. Sio kanisani. Ila ukitaka kutoka, subiri kikosi kimalize, maana walinzi wa milango wanawazuia watu kupita wakati wa onyesho, na hapo wako sahihi. Kurekodi video hakuruhusiwi.

SajiniTuba

Marahaba binti. Umesema vizuri. Kwa wasiojua, haya mambo sio mageni kwetu kama tunavyodhani: babu zetu wa beni, ngoma ya pwani ya kuiga bendi za kijeshi, kwenye vikundi vya Marini na Arinoti, walishindana kwa magwaride, vyeo na sare, na askari wakaisambaza hadi bara. Hawakuwa na vibrafoni tu.

TarumbetaJinja

Asanteni sana. Nimeona alama kama 88.300 kwenye matokeo. Zinatoka wapi? Na haya yote yakirudi Jinja, uwanja wetu hauna mistari ya yadi, una mbuzi.

MatoaziMbale

Alama ni 100 jumla. Mvuto wa jumla 40, kuona 30, muziki 30. Mvuto una vipengele viwili vya alama 20, vinajumlishwa tu. Kuona kuna vitatu vya alama 20 (utekelezaji, uchambuzi, na waonyesha bendera) vinajumlishwa kisha vinagawanywa kwa mbili. Muziki hivyo hivyo: shaba, uchambuzi, ngoma. Tuseme mvuto ni 17.9 na 18.0, hapo una 35.9. Kuona 17.4, 17.0 na 17.8 ni 52.2, nusu yake 26.1. Muziki 17.5, 17.2 na 17.9 ni 52.6, nusu 26.3. Jumla 88.3.

Usisome jumla peke yake. Fungua karatasi ya vipengele, utaona kikosi cha tano kwa jumla ni cha pili kwa ngoma, na hapo ndipo pa kwenda kujifunza. Usilinganishe pia alama za Julai na za fainali za Agosti kule Indianapolis. Zinapanda wiki hadi wiki. Ya juu kabisa iliyowahi kutolewa ni 99.650, Blue Devils, 2014.

BintiBombo

Mistari ni kazi ya chokaa na kamba. Yadi tano ni mita 4.57, na wao wanapiga hatua nane kati ya mstari na mstari, yaani kila hatua sentimita 57. Kwa watoto wa darasa la sita hiyo ni ndefu kidogo. Wape mita nne kwa hatua nane, sentimita 50, ili kiuno kisiyumbe na mdomo usigonge kwenye ala. Kamba moja, fundo kila mita nne, mafundo kumi na moja yanakupa mistari kumi na moja na mita 40 za uwanja. Piga chokaa asubuhi umande ukishakauka, sio kabla, la sivyo inageuka uji. Mtoto ajue kwamba hatua ya nane kisigino kinatua kwenye mstari, sio kidole. Wakifanya hivyo bila ala mpaka waache kutazama chini, ndipo uwape ala.

Mbuzi wafunge upande wa goli la pili.

KasukuArua

Kwa sisi tunaobaki: FloMarching, mtandao wa video, wamekuwa wakirusha mashindano haya kwa kulipia. Texas wakati huo iko nyuma yetu saa nane, kwa hiyo kikosi cha saa moja jioni kwao ni saa tisa usiku kwetu. Video ya 480p inakula karibu MB 600 kwa saa. Vaeni vipokea sauti vya kichwani, spika ya simu haitoi tuba.